Joto Linaua, Baridi Inatangaza Msiba

Nianze na mikono yake, maana uso wake ukinijia kwanza nitaandika kwa hasira na sitafika mwisho. Ilikuwa mikono mipana, yenye mabaka meupe mpaka kwenye viwiko, na ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, hazina hata mstari mmoja. Asidi ya betri ilikuwa imezila kwa miaka mingi. Siku watu wa Makambako walipokwenda kuandikishwa vitambulisho kwa alama za vidole, mashine ilimkataa. Akaweka dole gumba, likakataliwa. Akaweka cha shahada, kikakataliwa. Binti wa mashine akamfuta vidole kwa kitambaa mara tatu, wapi. Mwisho akawageukia waliokuwa kwenye foleni, nami niliyemsindikiza, akasema, "Ndugu zangu, serikali imethibitisha kwamba mimi sipo. Kesho mkiniona msinisalimie, mtaonekana vichaa." Foleni nzima ilicheka, nami nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado nampenda.

Jina lake sitalitaja. Tulimwita Fundi, basi, ingawa pale njia panda ya Makambako mafundi ni wengi kuliko magari mabovu. Alikuwa fundi wa betri. Hakugusa injini, hakugusa breki, na ukimwuliza habari ya rejeta alikuelekeza kwa jirani. Naandika habari zake kwa sababu kwa miaka mingi nilitaka kutoka kwake neno moja tu, alitamke mbele ya watu: kwamba si mimi niliyeiua betri ya gari la misheni. Msomaji ajue hilo tangu sasa, asije akadhani naandika kwa mapenzi. Mapenzi yamo, lakini ni ya zamani.

Banda lake lilikuwa kando ya barabara iendayo Njombe, la mbao na mabati, na upepo wa Makambako, ambao haumheshimu mtu, ulikuwa ukiyapiga mabati yale kutwa. Ndani, betri zilipangwa juu ya mbao. Hakuruhusu hata moja iguse sakafu. "Saruji inanyonya chaji," alisema. Mwalimu mmoja wa fizikia alibishana naye mchana mzima, akamchorea na michoro juu ya boksi, kwamba betri za siku hizi hazidhuriki kwa kukaa sakafuni. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Mwalimu, umenifundisha vizuri sana." Kisha akainyanyua betri ya mwalimu kutoka chini, akairudisha juu ya ubao. Ndivyo alivyokuwa. Mambo ya betri aliyajua kuliko waliosoma, na lile moja alilolikosea hukuweza kumtoa hata kwa trekta.

Alilojua kuliko yote ni joto na baridi. Malori na magari madogo yanayotoka Dar hupanda kwetu yakiwa na betri zilizopikwa kule chini miezi na miezi. Zikiwa Dar haziumwi, gari linawaka, mwenyewe anatamba. Akifika kwetu mwezi wa saba, akalala Njombe usiku mmoja tu, asubuhi akizungusha ufunguo hasikii kitu isipokuwa "tik". Hapo ndipo mgeni anaanza kuitukana Njombe. Nakumbuka bwana mmoja aliyekuja kwenye mazishi na gari linalong'aa, akaletwa bandani na betri yake mikononi, amevaa shati la mikono mifupi, meno yanagongana.

"Baridi yenu imeniulia betri!" alisema.

"Baridi haijaua kitu, mwanangu," Fundi akamjibu, huku amekwisha kufungua vifuniko. "Joto ndilo linaloua. Baridi inatangaza msiba tu. Betri yako imekufia Dar zamani, huku umekuja kuizika."

Bwana yule aliondoka amenuna, lakini msemo ule ulibaki. Hata watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walikuwa wakiusema. Mimi mwenyewe nimeurudia mbele ya watu mara nyingi kana kwamba ni wangu, na siujutii, kwa sababu ni kweli tupu. Betri huchakaa kwenye joto, maji yanakauka, sahani za madini ya risasi zinalika ndani kimyakimya. Baridi inakuja kudai nguvu ambayo haipo tena.

Na yeye mwenyewe aliiogopa baridi kupita kiasi. Alivaa sweta mbili na mzula wa sufu kichwani hata mwezi wa kwanza, wakati watu wengine wanatembea na fulana. Alitukanya sisi watu wa Njombe kwa tabia yetu ya kuichomoa betri jioni na kuilaza jikoni karibu na mafiga, kama tulivyozoea kuvilaza vifaranga. "Betri haioti moto," alisema. "Inatoa hewa inayolipuka. Siku moja utaamka huna jiko wala paa." Lakini nilimkuta asubuhi moja ya Juni amezifunika betri zake mbovu kwa blanketi lake la kitandani, yeye amekaa pembeni anatetemeka. Nilipomwuliza, alisema zile ni za wateja, na mtu haachi mali ya watu ipigwe na baridi.

Vita yake kubwa ilikuwa ya maji ya kuchemsha. Hili ni kosa letu, na sidhani kama lipo mahali pengine. Kwenye zahanati zetu tumefundishwa miaka yote kwamba maji salama ni yale yaliyochemshwa, na watu wetu ni watiifu. Maji ya betri yakipungua, na duka liko mbali, mama wa nyumbani anachemsha maji ya birika, anayapoza, anayachuja kwa kitambaa safi, anampa mume wake aweke. Fundi akiona utando mweupe ndani ya betri alikuwa akipiga kelele mpaka barabarani. "Kuchemsha kunaua wadudu! Nani kawaambia betri inaharisha?" Alieleza kwamba chumvi na chokaa hubaki palepale, kwamba betri inataka maji yasiyo na kitu ndani yake. Alieleza hivyo kwa mchungaji wake wa Kilutheri, akaeleza kwa mapadri, akaeleza kwa mkuu wa shule. Wote waliitikia kwa kichwa, wakaenda nyumbani wakachemsha.

Sitamnyima mema yake. Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa na betri ya kuwashia redio na taa, na Fundi aliichaji kila juma bila kumwomba kitu, wala hakutaka ashukuriwe. Mama yule akianza kushukuru, yeye alijifanya anatafuta spana. Mimi alinifundisha kusikiliza stata na kujua kama tatizo ni betri, waya au kutu kwenye vichwa vya betri. Alinifundisha kusafisha vichwa vile kwa maji ya moto na magadi na kuvipaka grisi. Alinitania kwa dini yangu. "Ninyi Waroma mnawasha mishumaa mingi," alisema, "ndiyo maana hamjali betri." Nilikuwa nikipita bandani kwake hata siku ambazo sina shida, nakaa juu ya tairi, naongea naye.

Na alijisifu jambo moja: kwamba hasemi uongo. Alilisema mara nyingi. "Mimi naweza kukosea," alisema, "lakini sidanganyi. Fundi mwongo anakuwa na wateja wapya tu."

Sasa nifike penyewe.

Nilikuwa dereva wa zahanati ya misheni, upande wa Njombe. Mwezi wa tano wa mwaka ule baridi ilianza mapema, nikampelekea Fundi betri ya gari aikague. Alizamisha kile kipimo chake cha kioo chenye boya ndani, akatikisa kichwa. Kisha akachukua dumu la asidi kali, si maji, akaongeza kidogo kidogo katika kila tundu.

"Mbona asidi, Fundi?"

"Baridi ya mwaka huu ina hasira. Nimeipa betri nguvu. Wewe nenda, utakuja kuniletea viazi."

Na kweli, Juni na Julai gari langu liliwaka kuliko magari yote ya Njombe. Nilimpelekea viazi. Nilimwambia pia, nikiwa nimekaa juu ya lile tairi, kwamba mwezi wa kumi tunashuka Lupingu, ziwani, kwa miezi miwili ya kliniki za mama na mtoto. Alisema tu, "Huko kuna joto." Baadaye nilijifunza kwa mafundi wengine kitu ambacho yeye alikijua siku ile: betri iliyoongezwa asidi kwa ajili ya baridi, ukiipeleka kwenye joto, inajila yenyewe. Alipaswa kuniambia niirudishe aipunguze makali. Alisahau, au aliona haya kupunguza alichokuwa amekisifu. Sijui.

Lupingu, mchana, boneti huwezi kuigusa. Baada ya wiki mbili betri ilianza kunuka mayai viza, na maji yakawa yanashuka kila juma. Chupa mbili za maji ya betri nilizotoka nazo Njombe zikaisha. Na hapa nami nitasema langu, maana siwezi kumtaka mtu aseme lake mimi nikificha. Nilikwenda kwa Sista wetu wa zahanati, jikoni, nikaomba maji ya kwenye birika, yaliyochemshwa, nikayaweka. Nilifanya hivyo mara mbili. Nilijua Fundi angesema nini, lakini duka la karibu lilikuwa juu ya mlima, safari ya siku nzima, na niliona sahani za betri zimechomoza nje ya maji. Nikachagua baya lililo dogo.

Juni iliyofuata tulikuwa tumerudi nyumbani. Asubuhi moja nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na pale zahanati palikuwa na mama aliyejifungua na damu haikatiki. Sista akasema apelekwe Njombe mara moja. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tulisukuma, wanaume sita, lakini uwanja wetu unapanda na dizeli ile haikukubali. Mama yule alikuja kubebwa na lori la mbao lililokuwa linapita, amelazwa mbele na utingo amehamia juu ya mzigo. Alipona. Namshukuru Mungu kila nikimwona sokoni. Lakini Baba Paroko alitaka kujua, na alikuwa na haki ya kujua.

Akaitwa Fundi. Alikuja na sweta zake mbili, akafungua vifuniko mbele yetu: Paroko, Sista, mlinzi, na mimi. Aliangalia ndani kwa muda mrefu. Chini ya kila seli kulikuwa na tope jeusi, risasi iliyomeguka kutoka kwenye sahani. Akainua uso, tukatazamana. Alijua. Naapa mbele ya yeyote kwamba alijua, kwa sababu niliona kope zake zinacheza, na mtu yule hakuwa na tabia hiyo.

"Dereva hakuweka maji," alisema.

"Baba, hapana!" nikasema. "Maji niliweka. Ni asidi, aliongeza mwenyewe mwezi wa tano, mimi nimesimama pale!"

Paroko akamgeukia. "Fundi, uliongeza asidi?"

"Baba," Fundi akasema polepole, "mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Unanifahamu."

Hakusema hapana. Nimelifikiria jibu lile maelfu ya mara, na ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba hata pale alijitunzia ukweli wake, hakutamka uongo wa pili. Paroko alimfahamu, kweli. Mwisho wa mwezi nikakabidhi funguo.

Kupoteza kazi ni jambo la kawaida, wanaume wanapoteza na wanapata. Lakini Njombe na Makambako ni miji inayosikilizana. Kila nilikoomba usukani walikuwa wamekwisha kusikia: ndiye yule aliyeacha betri ikauke mpaka mama akakaribia kufa. Wakanipa jina, Betri Kavu. Wakaniita hivyo stendi, sokoni, hata kwenye jumuiya. Mwanangu wa kike aliitwa shuleni mtoto wa Betri Kavu, akarudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli nilitaka kumwua mama wa watu. Nilibeba mbao, nikalima viazi kwenye shamba la kukodi, nikaendesha trekta la mtu mmoja ambaye kila jioni alikuja kukagua maji mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama hapo. Makambako nilipita, bandani sikuingia. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa nimekwisha kununua pikapu yangu kuukuu ya kubebea parachichi. Betri ikaanza kuchoka. Ningeweza kwenda kwa fundi mwingine. Nilijiambia naenda kwake kwa sababu ya kazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa bado nalitaka neno langu.

Nilimkuta amezeeka. Macho yalikuwa na ukungu, mzula umeshuka mpaka kwenye nyusi. Walikuwepo wateja wawili: utingo wa lori linalotoka Dar, na mama mmoja mwenye saluni aliyeleta betri ya sola.

"Kamwene, Fundi," nikasalimu.

"Kamwene. Karibu, dereva. Mlete mgonjwa."

Hakunitambua. Nikaiweka betri juu ya ubao, naye akaanza kuifungua kwa vidole, kwa kupapasa, bila kukosea hata kifuniko kimoja. Akiwa anafanya kazi akaanza kuzungumza, kama kawaida yake.

"Angalieni maji, jamani," alimwambia yule mama. "Kulikuwa na dereva mmoja wa Waroma huko Njombe. Mtu mwema sana, alikuwa akija kukaa hapo kwenye tairi tunaongea, nilimpenda kama mdogo wangu. Lakini mzembe. Akaiacha betri ikauka. Asubuhi ya baridi kali, mama amejifungua, damu inatoka, gari tik! Nilikwenda mwenyewe kuifungua. Niliumia kusema, lakini ningefanyaje? Mimi sidanganyi."

"Masikini," akasema mama wa saluni. "Aliitwa nani?"

"Jina limenitoka. Walimwita Betri Kavu."

"Ah, huyo namsikia!" utingo akacheka. "Hata sisi wa Dar tunamsikia."

Nikasema, "Ni mimi, Fundi."

Utingo akaacha kucheka. Fundi akaweka chini spana, akaja karibu mpaka pumzi yake ikanigusa, akanitazama, kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Alifurahi. Hilo sikulitarajia. Alifurahi kweli, na machozi yakamlenga.

"Ni wewe! Jamani, Mungu ni mkubwa. Ulipotelea wapi?"

"Nisikilize, mzee wangu, mbele ya hawa," nikasema. "Kule Lupingu niliweka maji ya kuchemsha, mara mbili. Ni kosa langu, nalikiri. Sasa na wewe sema la kwako. Ule mwezi wa tano uliongeza asidi kali. Nilikwambia tunashuka ziwani, ukasema tu kuna joto. Sema tu. Sitaki kitu kingine."

"Maji ya kuchemsha," alirudia taratibu.

Kisha akawageukia wateja wake, uso wote umewaka. "Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu? Miaka yote nawaambia watu, wao wanaona Fundi mzee anapiga domo. Haya, mwenyewe huyu hapa. Maji ya birika!"

"Na asidi, Fundi?"

"Asidi gani?"

"Kaka," utingo akaingilia, kwa upole, kama mtu anayeamua ugomvi, "mzee huyu haongezagi asidi. Ndiyo maana tunawapita mafundi wote barabarani, tunamletea yeye."

Nilimwangalia Fundi machoni, ndani ya ule ukungu, nikitafuta yale macho ya asubuhi ile yaliyojua. Hayakuwepo. Alikuwa ameisimulia habari ile mara nyingi mno, mpaka akabaki na ile aliyoisimulia. Mtu anayeficha unaweza kumbana, unaweza hata kumsamehe. Huyu hakuwa anaficha kitu.

"Usione haya, mwanangu," akaniambia, akinipigapiga begani. "Umekiri. Mtu akikiri anapata nafuu."

Akaishughulikia betri yangu saa nzima. Aliipima seli moja moja, mama wa saluni akimsomea namba, akaosha vichwa kwa magadi, akaiacha ichajike polepole bila haraka. Nilipotaka kuibeba alikataa, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu, akaifunga, akapaka grisi, akaufuta mfuniko kwa mkono wa sweta yake. Alinisihi nisikawie tena kumtembelea.

Julai iliyofuata Njombe ilipata baridi iliyounguza viazi vya watu mashambani. Asubuhi moja mtaa mzima ulikuwa umeinua boneti. Nikaingia kwenye pikapu, nikazungusha ufunguo mara moja, ikawaka. Jirani yangu, aliyehamia kwetu karibuni na hajui habari zangu, akaja akiwa amejifunga blanketi, akaniuliza betri yangu nimeitengeneza kwa nani. Nikashuka, nikaiacha injini ikinguruma. Kisha nikamwelekeza mpaka bandani, na nikamwambia ukweli, kwamba Makambako yote hakuna fundi kama yule.